Hakuna Matokeo

Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wangu, binti wa Sumbawanga, alinijia na pendekezo la utafiti juu ya uyeyushaji wa chuma katika nyanda za juu za Ufipa. Mbele yangu aliandika kwenye kisanduku cha kutafutia cha tovuti ya maktaba: historia ya wahunzi wa Mkoa wa Rukwa. Jibu likaja: hakuna matokeo. Nami nikatoa hukumu: "Mada hii haina vyanzo. Tafuta nyingine." Akatafuta nyingine.

Baadaye safari ya kikazi ilinifikisha Ufipa. Kando ya shamba la mahindi mzee mmoja alinionyesha tanuru la udongo lililosimama, refu kuliko mtu, akaniambia kuwa matanuru hayo huitwa malungu. Usiku ule niliandika maneno mawili tu, malungu na Fipa. Yakajitokeza maandishi ambayo sikujua kuwa yapo, zikiwamo kazi za mwanaakiolojia Bertram Mapunda. Vyanzo vilikuwapo. Sisi ndio tuliouliza vibaya.

Tulikosea wapi? Kwanza, tuliandika sentensi, kana kwamba tunazungumza na mtu. Chombo kama kile hulinganisha herufi. Kipe neno moja au mawili yaliyo adimu, kisha ongeza jingine matokeo yakizidi. Na maneno yanayokwenda pamoja yafunge kwa alama za nukuu.

Pili, tulisahau viambishi vya lugha yetu. Anayeandika "wahunzi" huenda asiletewe "mhunzi" wala "uhunzi". Watafiti wa kigeni nao huandika Fipa, bila "wa" wala "u". Jaribu kila umbo, kisha jaribu na Kiingereza.

Tatu, na hili ndilo zito, majina ya mahali yana umri. Mkoa wa Rukwa ulizaliwa mwaka 1974 kutoka sehemu za Mbeya na Tabora. Mwaka 2012 Katavi ukamegwa kutoka kwake. Kasanga, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, Wajerumani waliiita Bismarckburg. Hata Ziwa Rukwa, Joseph Thomson alilibandika jina la Leopold mwaka 1880. Anayetafuta habari za kale kwa jina la leo ataambiwa kwamba hazipo, ilhali zimelala chini ya jina la mtawala aliyeziandika.

Ndugu msomaji, hasa wewe uliye nyuma ya dawati la umma, lipime jambo hili. Mwananchi anapofuatilia shauri la ardhi ya wazazi wake, nawe ukaandika neno moja na kumwambia "halipo kwenye mfumo", umetoa hukumu kama niliyoitoa mimi. Mashine haikusema kwamba kitu hakipo. Imesema kwamba kwa jina hilo haikukiona. Kabla ya kumrudisha nyumbani, muulize: zamani kijiji chenu kiliitwaje? Kilikuwa wilaya gani?

Yule binti alihitimu kwa mada nyingine. Niliporudi nilimwandikia kumwomba radhi, nikamtumia orodha ya yale niliyoyapata. Alijibu kwa upole: "Mwalimu, neno malungu nimelijua tangu utotoni, kwa babu. Sikudhani kwamba maktaba nayo inalijua."

Wala mimi sikumuuliza.