Waranti ya Kurudi Kisumu

Likizo yangu ilikuwa iishe Jumatatu, tarehe 21 Februari 1977. Waranti ya safari ilikuwa na vipande viwili. Cha kuja nyumbani kilishakatwa melini. Cha kurudi nilikikunja nikakitia ndani ya kitambulisho, mfukoni mwa shati. Nilikuwa na miaka 26, karani wa mizigo katika bandari ya Kisumu, mwajiriwa wa Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Nilikuja Bariadi kumsaidia mama palizi ya pamba.

Ijumaa ya tarehe 4, jioni, tulikuwa uani tunakula michembe na maziwa mgando. Redio ya jirani ikatangaza kwamba mpaka wa Tanzania na Kenya umefungwa. Kesho yake redio ile ile ilijaa nyimbo na vigelegele: TANU na Afro-Shirazi zimeungana, Chama Cha Mapinduzi kimezaliwa. Kijiji kizima kilicheza ngoma, nami nilicheza. Nilikuwa kijana na niliipenda nchi yangu. Lakini kila nilipoinama, waranti ilinikwaruza kifuani.

Mama hakuuliza habari za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Aliuliza, "Na vitu vyako, baba?" Akaanza kuvihesabu kwa vidole, maana nilikuwa nikimwandikia kila nilichonunua: godoro, stovu, blanketi mbili, baiskeli, sanduku la bati. Alipofika kwenye baiskeli akanyamaza.

Vijana wa leo wakisikia Jumuiya wanaona mikutano ya Arusha na bendera zimepangwa mstari. Kwetu Jumuiya ilikuwa ajira. Makao makuu ya reli na ya ndege yalikuwa Nairobi, ya bandari za pwani Dar es Salaam, ya posta na simu Kampala. Mtoto wa Bariadi aliyejua kuandika vizuri na kujumlisha bila kukosea angeweza kupangiwa Kisumu, Jinja au Tabora kwa barua moja tu. Gatini tulikuwa Wajaluo, Wasukuma, Waluhya, Wahaya na Waganda, na kila mmoja alikitia Kiswahili chumvi ya kwao. MV Umoja ilipotia nanga, mabehewa yalitoka tumboni mwake moja kwa moja hadi kwenye reli ya nchi kavu. Kazi yangu ilikuwa kuandika namba ya behewa, mzigo wake na unakokwenda. Safu ya kuandika behewa ni la nchi gani haikuwapo katika daftari langu. Mwishoni mwa mwaka 1976 tukaambiwa tuichore kwa rula. Siku hiyo mwenzangu wa meza ya pili, Mjaluo wa Seme, aliweka kalamu chini akaniambia, "Omera, hapa wanahesabu kama watu wanaoachana."

Sababu za Jumuiya kuvunjika zimeandikwa sana. Tangu Idi Amin apindue serikali ya Uganda Januari 1971, marais watatu hawakukaa tena meza moja. Mwalimu Nyerere alikataa kukaa na Amin. Viwanda vingi vilikuwa Kenya, nasi tukaona tumekuwa soko tu. Sisi tulifuata Ujamaa, wao walifuata njia yao. Fedha za mashirika zikaacha kuvuka mipaka kwenda makao makuu. Kila upande ulikuwa na hoja yake, na mpaka leo sikubali mtu anieleze kwamba kosa lilikuwa la upande mmoja. Ninachojua ni kwamba sisi tuliobeba kazi yenyewe hatukuulizwa.

Meli ziligawanywa kama ng'ombe wa mirathi. Victoria na Umoja zikawa zetu, Uhuru ikawa yao. Karakana kubwa ya meli ilibaki Kisumu, haikuweza kukatwa vipande. Mimi nilipata nafasi Mwanza. Fomu zilikuwa zile zile za zamani. Kila asubuhi nilianza kwa kukata maneno "East African" kwa kalamu nyekundu, fomu baada ya fomu, mpaka kidole kikaota sugu.

Kilichoniuma zaidi ni jinsi tulivyobadilika wenyewe. Mkenya, ambaye juzi alikuwa jirani yangu wa ukuta mmoja, katika mikutano ya hadhara akawa bepari, akawa mnyang'au. Watu waliokuwa hawajawahi kumwona Mkenya hata mmoja walimchukia kwa moyo safi. Usiku, watu hao hao waliswaga ng'ombe kuelekea Sirari, na ng'ombe wakarudi wakiwa sabuni, Kimbo na betri za tochi. Msako wa wahujumu uchumi ulipoanza mwaka 1983, jirani yetu mmoja alizika sabuni zake usiku katika shamba la viazi. Mvua za masika zikanyesha. Asubuhi povu lilikuwa limejaa katikati ya matuta, jeupe kama pamba, na watoto wakicheza nalo. Hakuna mtu mzima aliyecheka. Tulikuwa tumefika mahali ambapo kipande cha sabuni cha jirani kinaweza kumfunga mtu.

Ya pensheni niyaseme hapa niyamalize. Mkataba wa kugawana mali ulitiwa saini Arusha Mei 1984, baada ya usuluhishi wa miaka mingi wa Mswisi, Victor Umbricht, na kila nchi ikabeba deni la wastaafu wake. Miaka 21 baadaye, Septemba 2005, serikali yetu ikakubaliana na wastaafu nje ya mahakama: shilingi bilioni 117, kwa watu zaidi ya 31,000. Wengi walishazikwa. Mimi, katika ofisi moja ambayo sitaitaja, niliambiwa nithibitishe kuwa niliwahi kuajiriwa. Nikatoa waranti. Binti wa dirishani aliigeuza huku na huku, akasema kwa adabu, "Mzee, hii muda wake umekwisha." Alikuwa hajazaliwa mwaka 1977. Nilimweleza taratibu, naye, Mungu ambariki, akamwita mkubwa wake.

Lakini Kisumu nilikwenda kabla ya hapo. Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983, na mwaka uliofuata nikapanda basi. Nyumba yangu ilikuwa na wapangaji wengine. Yule mwenzangu wa Seme alikuwa akikaa mlango ule ule. Mkewe aliponiona aliweka sufuria chini, akaingia ndani, akarudi na sanduku langu la bati. Blanketi zilikuwa ndani, zimekunjwa na majani ya mwarobaini. Baiskeli waliiuza kulipa karo, akaniambia kabla sijaketi, na akaanza kulia. Nikamwambia, "Shemeji, baiskeli ilikuwa ya kupandwa, na wewe umewapandisha watoto."

Binti yao mkubwa akaleta chai. Nilimwacha na miaka minne, akiniita baba mdogo na kunisubiri getini nitoke kazini. Sasa alikuwa msichana wa shule, mwenye adabu. Aliinama, akanimiminia, akaniuliza kama mtu anavyomuuliza mgeni wa mbali, "Na huko Tanzania, mnakunywa chai?"

Mama yake akamtazama. "Huyu," akasema, "ndiye aliyekununulia viatu vyako vya kwanza."

Msichana akasimama na birika mkononi, akaitazama miguu yake.