Fagio la umeme na vumbi la Unyanyembe

Leo siasa zipumzike kidogo. Nataka niongelee mashine ya kufyonza vumbi, na kabla hujacheka ukasema huyu mwandishi wa habari kaishiwa habari, ngoja nikwambie kwa nini. Mama yangu ana pumu. Na anaishi Tabora. Kwa anayeijua Tabora kuanzia mwezi wa sita mpaka mvua zinaposhuka, sentensi hizo mbili zinatosha.

Kwa usiyeijua: vumbi la Tabora wakati wa kiangazi halibishi hodi. Funga mlango, funga dirisha, shusha pazia, jioni ukipitisha kidole juu ya redio unaandika jina lako. Bibi zetu walikuwa na dawa yake. Bibi alikuwa hagusi ufagio kabla hajanyunyiza maji chini kwa mkono, tone tone, halafu ndiyo anafagia taratibu kuelekea mlangoni. Tulidhani ni mazoea ya kizee tu, kumbe ile ni sayansi kamili, maana vumbi lenye unyevu halipai. Sakafu ya udongo, kama zile za nyumba za tembe, inataka hivyo. Ukifika pale Kwihara nje kidogo ya mji, kwenye tembe walilokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872 (siku hizi ni makumbusho), utaelewa nasema nini.

Tatizo ni zulia. Zulia hulinyunyizii maji. Na Tabora, bwana wee, ni mji wa mazulia! Tangu enzi za misafara ya Bagamoyo kwenda Ujiji, wakati Unyanyembe ndiyo kituo kikuu cha bara na Waarabu wa Oman wamejenga Kazeh, kuna nyumba ambazo ukumbi bila zulia hauhesabiki kuwa ukumbi. Nyumba yetu Isevya ni mojawapo. Zulia ukuta kwa ukuta, zito, jekundu, na ndani yake limejaa vumbi la miaka pamoja na wale wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, utitiri wa vumbi, ambao kinyesi chao ni moja ya vitu vinavyoamsha pumu.

Ndipo Shangazi yangu aliyeko Muscat akaamua kumsaidia wifi yake. Kule kila nyumba ina hiyo mashine, wanaiita kwa jina lile lile la ufagio kwa Kiarabu, miknasa, ila ya umeme. Akanunua, akaifungasha, akaituma. Ikashuka Dar es Salaam, ikapanda treni ya reli ya kati, na baada ya siku kadhaa "fagio la umeme" likaingia mjini kama walivyoingia wageni wengi kutoka pwani. Mpagazi wa Kinyamwezi zamani alibeba kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, kwa miguu, na mara nyingi ndani ya mzigo kulikuwa na shanga, nguo na waya za shaba. Hii mashine ni kilo sita, na ndani yake nayo waya za shaba. Biashara haijabadilika sana!

Tuendelee. Wiki za mwanzo ilikuwa sherehe. Majirani walikuja kuiona ikinguruma. Halafu Mama akaanza kukohoa zaidi. Ile dawa yake ya kuvuta, ya kichupa cha bluu, ambayo ilikuwa inamtosha muda mrefu, ikawa inaisha haraka. Usiku mmoja wa mwezi wa nane kifua kikambana kabisa, akawa anaongea neno moja moja, tukamkimbiza hospitali. Asubuhi, alipokwisha kupata nafuu, daktari hakuanza na dawa. Aliuliza: "Nyumbani mnafagiaje?"

Tukajibu kwa kujisifu, tuna mashine.

"Mfuko wake mnamwaga lini, na nani anamwaga, na Mama anakuwa wapi?"

Kimya.

Niliporudi nyumbani nikamuuliza dada anayetusaidia kazi. Akaniambia, "Kaka, hili dude linanguruma tu, lakini siku hizi halili." Nikalifungua. Mfuko umejaa mpaka mdomoni, mgumu kama gunia la dona. Chujio la nyuma, ambalo lilikuwa jeupe, limekuwa rangi ya ugoro. Hakuna mtu aliyemwambia dada kwamba kuna mfuko humo ndani. Kitabu cha maelekezo kilikuwemo kwenye boksi, kimeandikwa Kiarabu na Kiingereza. Yeye anasoma Kiswahili, tena vizuri sana.

Hapa ndipo panaponiuma. Tunanunua mashine kwa mamia ya maelfu, tunampa mtu ambaye mshahara wake wa mwezi haufiki bei ya mashine hiyo, halafu tunamwambia "bonyeza hapo". Ikiharibika, kaharibu yeye.

Basi, nilichojifunza ni hiki. Mashine hii haimezi vumbi likapotea. Mota inavuta hewa kwa mbele, na hewa yote iliyoingia lazima itoke kwa nyuma. Katikati kuna mfuko na chujio, basi. Vikijaa, hewa haipiti, mota inachemka, na lile vumbi laini kabisa, ambalo ndilo linaloingia ndani ya mapafu, linapenya na kurushwa tena sebuleni. Takataka kubwa unaona zimeondoka, unafurahi, kumbe umewasha feni ya vumbi. Yako machujio bora, yale yanayoandikwa HEPA, ambayo kwa kipimo cha Marekani yanatakiwa kunasa asilimia 99.97 ya chembe za mikroni 0.3. Lakini hata hilo, likichanika au likirudishwa vibaya likaacha mwanya pembeni, ni mapambo tu.

Kwa hiyo utaratibu wetu ukawa huu. Mfuko unatolewa ukifika theluthi mbili, usisubiri ujae. Unatolewa nje, uwani, mtu akiupa upepo mgongo, kitambaa au barakoa puani, taratibu bila kuukung'uta ukutani. Siku ya kufyonza, Mama anakwenda kwa jirani, madirisha yanafunguliwa, na harudi mpaka ipite saa nzima au zaidi, maana hata mashine nzuri inatimua vumbi la zulia. Chujio letu ni la kuosha (angalia lako kwanza, mengine hayaoshwi): maji matupu, halafu linaachwa kivulini saa 24 likauke kabisa. Ukilirudisha bichi linaota ukungu, na huo ukungu Mama ndiye atakayeuvuta. Pia mota na maji hawapatani.

Mashine za kawaida, jamani, si za maji. Uji umemwagika, tumia tambara. Mafuta ya taa yamemwagika, usithubutu hata kuisogeza, cheche moja ya mota inatosha.

Na kuna hili ambalo vitabu vya maelekezo vinalitaja kwa mstari mmoja lakini kwetu ni kubwa: majivu. Nyumba za Tabora zinafukizwa udi. Chetezo kinakaa juu ya zulia, mkaa wake unaonekana umezimika, kijivu, baridi juu. Ndani ya majivu chembe ya moto inaweza kukaa masaa mengi, hata mpaka kesho yake. Ukiifyonza unaipeleka kwenye mfuko wa karatasi uliojaa nyuzi na vumbi kavu, halafu unaipulizia hewa kwa nguvu. Jiko la mkaa halipati moto mzuri kuliko hapo! Kwa jirani yetu mmoja mfuko ulianza kufuka moshi mashine ikiwa tayari imerudishwa kabatini. Bahati walisikia harufu. Majivu yanazolewa kwa koleo na kumwagwa uwani, juu ya udongo mtupu.

Halafu brashi ya chini. Ukiona inazunguka kwa kujikokota, chomoa plagi kwanza (chomoa, si kuzima tu), pindua. Ya kwetu tulitoa uzi wa kanga, kizibo cha soda, na nywele za bandia za kutosha kusuka kichwa kizima. Dada alicheka mpaka akakaa chini.

Umeme. Umeme wetu ni volti 230, na Oman nao ni karibu sawa, plagi ni ile ile ya miguu mitatu ya mraba, kwa hiyo mashine ya Shangazi haikuwa na shida. Shida ni zile za mitumba kutoka kwingine. Ya Marekani inataka volti 120, ya Japani 100, ukiichomeka moja kwa moja unaaga. Ya Ulaya ina volti sawa lakini miguu miwili ya duara, na sote tunajua inavyoingizwa: unachokoa tundu la juu kwa kijiti au mfuniko wa kalamu, kisha unasukuma. Kwa chaji ya simu watu wanapona, japo nayo si salama. Kwa mashine ya wati 1600 inayovuta karibu ampea 7, ile miguu inacheza, inapiga cheche, soketi inayeyuka, na ile fyuzi ya ndani ya plagi ambayo ingekuokoa haipo kabisa. Nunua adapta nzuri yenye fyuzi, au fundi akubadilishie plagi. Ukikuta nyuma ya mashine alama ya mraba ndani ya mraba, maana yake imewekewa kinga mara mbili na haihitaji waya wa ardhi, fundi asikutishe kwa hilo. Waya wake ukichubuka usifunge selotepu. Na usiichomeke kwenye ekstensheni nyembamba inayolisha pia friji na televisheni. Iguse waya baada ya dakika kumi uone ilivyo moto.

Kingine: umeme ukikatika katikati ya kazi, chomoa. Kwetu ulikatika, dada akaenda kuchota maji, ulivyorudi mashine ikaanza kunguruma peke yake na kumeza pazia, paka akapotea siku mbili.

Na usidanganywe na ukubwa wa wati. Umoja wa Ulaya ulizuia mashine za zaidi ya wati 1600 mwaka 2014, na mwaka 2017 ukashusha mpaka chini ya 900, na mazulia yao bado yanasafishwa. Kwa hiyo ukiambiwa dukani "hii ni kali, wati 2400", uliza kwanza mfuko wake unapatikana wapi.

Haya yote niliyaandika kwa Kiswahili kwenye karatasi mbili, nikazibandika ndani ya mlango wa kabati. Dada aliyasoma, akanirekebisha sehemu mbili (nilikuwa nimesema brashi inafunguliwa kushoto, ya kwetu ni kulia), na sasa yeye ndiye mwenye mashine. Majirani wakikwama wanamwita yeye, na anadai nauli. Safi sana.

Na Mama? Daktari alisema ukweli ambao muuza mashine hawezi kukwambia: kwa mgonjwa wa pumu, zulia bora ni lile lisilokuwepo, hasa chumba cha kulala, na mashine haichukui nafasi ya dawa. Tulibishana wiki nzima. Chumbani akakubali, tukaling'oa, sasa ni sakafu ya saruji inayopigwa deki kwa tambara bichi, mambo ya Bibi yale yale. Sebuleni amekataa katakata. "Wageni wakija wakanyage nini?" Nikamwambia wakanyage saruji. Akaniangalia yale macho.

Tumekubaliana lile la sebuleni tuzungumze tena baada ya mvua. Kwa sasa dawa ya bluu inamfikisha pale ilipokuwa inamfikisha zamani, na mwezi huu hajaamka usiku hata mara moja. Ila mifuko ya mashine imebaki miwili tu, Kariakoo nimezunguka sijaipata, na Shangazi haji mpaka mwakani. Mwenye kujua duka, iwe Dar, Mwanza au hapo hapo Tabora, tafadhali aniambie kabla hiyo miwili haijaisha.