Theluji isiwatenge wazazi na watoto wao

Burlington ni mji ulio kando ya Ziwa Champlain, katika jimbo la Vermont, Marekani. Miongoni mwa wakazi wake wamo familia zinazozungumza Kiswahili, nyingi zikiwa zimetoka Kongo. Desemba jua huzama huko muda mfupi baada ya saa kumi jioni. Mzazi aliyekulia Bukavu, pembeni mwa Ziwa Kivu, hutoka kazini gizani, hufunga mlango na kuanza kuisubiri Aprili.

Watoto hawasubiri. Kwao theluji ni mchezo. Hapo ndipo nyumba hugawanyika: wakubwa ndani, wadogo nje. Kwa miezi kadhaa mzazi na mtoto hukutana mezani tu, kila mmoja ameinamia simu yake.

Afya nayo huathirika. Upungufu wa mwanga huwaletea baadhi ya watu sonona ya majira ya baridi: usingizi mwingi, uchovu, hamu kubwa ya wanga na kukosa raha. Vitamini D hupungua pia, hasa kwa wenye ngozi nyeusi, maana jua la miezi hiyo ni hafifu mno. Kwa hilo kutembea hakutoshi, muulize daktari. Lakini mwanga wa mchana, hata wa mawingu, pamoja na mwili kuchangamka, hunyanyua moyo na kuboresha usingizi.

Njia moja isiyohitaji ufundi ni kutembea kwa viatu vya theluji. Huvaliwa juu ya buti na kukazwa kwa mikanda. Upana wake husambaza uzito wa mwili, hivyo mguu hauzami. Waabenaki, wenyeji wa asili wa eneo hilo, walivitengeneza kwa mbao zilizopindwa na nyavu za ngozi mbichi. Vya leo ni vya alumini na plastiki, vina meno ya kung'ata barafu. Baadhi ya maktaba za umma Vermont huviazimisha bure.

Kusini mwa mji kuna kilima cha Mount Philo, hifadhi ya kwanza ya jimbo hilo, iliyoanzishwa mwaka 1924. Kileleni ziwa huonekana, na ng'ambo yake milima ya Adirondack. Mwache mtoto atangulie. Pengine ni mahali pekee ugenini ambapo yeye kuwa mwalimu hakumshushii mzazi heshima. Ukianguka mtacheka wote, naye atakupa mkono.

Yapo ya kuzingatia. Usivae pamba mwilini. Ikilowa jasho hukaa na ubaridi. Vaa sufu au polista, kisha koti juu, na ulifungue kabla hujatoka jasho. Mtoto akisema vidole vimekufa ganzi, rudini. Kwenye ngozi nyeusi mabadiliko ya rangi hayaonekani upesi, kwa hiyo usingoje kuyaona. Usilikanyage ziwa lililoganda kwa kufuata nyayo za wengine, kwani barafu nene hapa huweza kuwa nyembamba hatua chache mbele. Mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo apate kwanza ushauri wa daktari, maana kazi hii ni nzito kuliko matembezi ya kawaida.

Anzeni na nusu saa, Jumamosi mchana, na chupa ya chai ya tangawizi mkobani.