Darasa la Kusi

Kisiwa cha Ngumi, Somalia, 6 Juni

Kusi imekaza. Mashua zimepandishwa mchangani na kulazwa ubavu, na wanaume wamejaa barazani wakishona nyavu. Huu ndio wakati wa kufungua darasa la watoto. Nilipokuwa nikisomea ualimu Mombasa, mwaka wa shule ulianza Januari. Lakini Januari kwetu ni kaskazi: baba yuko baharini, au yuko Kismayu akiuza samaki. Mtoto wa miaka minne anayeanza kusoma wakati huo huanza bila babake. Nataka aanze naye.

9 Juni

Nimemwomba bibi mmoja aje kukaa nasi asubuhi. Akanishangaa. "Mimi sikusoma, mwanangu. Nitamfundisha nini mtoto wa watu?" Mikononi alikuwa na ukili, na mjukuu wake ameketi karibu akimpa miyaa mmoja mmoja: mweupe, mweupe, mwekundu, mweupe, mweupe. Mtoto hakukosea hata mara moja, wala bibi hakumtazama. Nikamwambia, "Bi, hilo analolifanya huyu ndilo tutakalolifanya darasani." Atakuja baada ya kuanika samaki.

15 Juni

Baba mmoja ameuliza swali ambalo wengi wanalo moyoni: kwa nini watoto wasifundishwe Kisomali tangu siku ya kwanza, maana shule ya Kismayu itawataka Kisomali? Ana haki ya kuuliza. Kisomali kilipewa maandishi rasmi 1972 kikawa lugha ya shule, na mtoto wa Kibajuni hufika darasa la kwanza akiwa bubu kwa siku nyingi. Nimemjibu kwamba mtoto aliyezoea kusimulia hadithi nyumbani, kuuliza na kujibiwa, huibeba lugha ya pili kwa wepesi. Hakuridhika sana. Mkewe ndiye aliyenisaidia. Yeye amefanya biashara ya samaki Kismayu miaka mingi na Kisomali anakisema vizuri. Kesho atawahesabia watoto samaki kama anavyowahesabu sokoni: kow, laba, saddex, afar, shan. Watoto watacheka, watasahihishana, na lugha hiyo itawaingia kwa kinywa cha mama.

22 Juni

Usiku nimekuwa nikifikiri habari za madrasa za chekechea za Mombasa. Zilianza 1986, baada ya wazee wa Kiislamu wa pwani kumwomba Aga Khan awasaidie watoto wao wafike shule wakiwa tayari bila kuipoteza dini yao. Zikaenda Zanzibar, kisha Uganda. Mpango ule haukuwapelekea watu shule iliyokwisha kamilika. Mtaa ulitakiwa uunde kamati, utafute nafasi, uchague wa kufundishwa ualimu, na wazazi watengeneze vifaa: vifuu vya nazi, makombe, vizibo vya chupa, vitambaa. Mama aliyeshona mwanasesere huja kesho yake kutazama anavyochezewa. Akija kutazama, huketi, na akiketi ameshaanza kufundisha.

Namna ile ya ufundishaji ilichota kwa Wamarekani wa Ypsilanti, Michigan. Kati ya 1962 na 1967 walichukua watoto 123 wa familia maskini za watu weusi. Baadhi waliingizwa darasani na wengine hawakuingizwa, na wote wakafuatiliwa mpaka utu uzima. Waliosoma walimaliza shule kwa wingi zaidi na kupata kazi kwa wingi zaidi. Watu husifu darasa lile. Mimi nasifu jambo jingine: kila wiki mwalimu alikwenda nyumbani kwa mtoto, akakaa na mama, wakafanya kazi pamoja mtoto akiwepo.

Huku Ngumi sina haja ya safari. Nyumba ya mbali kabisa naiona nikiwa mlangoni.

3 Julai

Leo imekuwa siku kubwa. Nahodha mzee alikuja kuwasimulia watoto jinsi babake alivyokuwa akivua kasa kwa chazo: samaki yule mwenye kisahani cha kunatia kichwani hufungwa kamba mkiani, huachiliwa, naye huenda kumng'ang'ania kasa mpaka wote wawili wavutwe chomboni. Watoto walinyamaza kimya. Kisha akawatoa nje wapime mashua yake kwa shibiri. Msichana mmoja alipata nyingi kuliko mzee, akalia kwamba amekosea. Mzee akamshika kiganja, akakiweka juu ya chake. "Tazama, mama. Mkono wako mdogo, kwa hiyo shibiri zako nyingi. Mashua ni ile ile." Yule mtoto alitulia. Akapima tena kwa kiganja cha mzee, kisha kwa cha babake, akawa anabashiri kabla ya kupima nani atapata nyingi. Nimesoma vitabu vingi juu ya kufundisha vipimo. Sijaona somo lililofika mbali hivyo kwa muda mfupi hivyo. Babake alikuwa amesimama akisikiliza. Jioni nilipita kwao nikawakuta wawili hao wakipima mlango.

19 Julai

Mgeni wa shirika moja aliwahi kuniambia, Mombasa, kwamba ushiriki wa wazazi hupimwa kwa sahihi za mikutano. Siwezi kukubali. Yule bibi wa ukili hajui kutia sahihi, na hakuna mtoto hapa asiyejua zamu za rangi kwa sababu yake.

28 Agosti

Upepo unalegea. Wanaume wameanza kupaka vyombo mafuta, na baada ya muda si mrefu baraza zitakuwa tupu. Tumekutana na wazazi wote. Bibi wa ukili na mama aliyewahesabia samaki wataendelea. Nahodha mzee, ambaye haendi tena mbali, atakuwa nasi kila Jumamosi. Na kila baba ameahidi jambo moja: akirudi, kabla ya kulala, mtoto amsimulie ya darasani naye amsimulie ya baharini. Yule aliyeuliza juu ya Kisomali alisema yeye atasimulia kwa Kisomali. Mkewe akasema atakuwepo kumsahihisha.