Wimbo wa Lugha ya Jirani

Jirani yetu mmoja hapa Ndosho ni fundi wa redio. Ana keseti kuukuu ambayo huipiga kila anapotaka kujua kama mashine ya mteja imepona. Ni nyimbo za Kijerumani. Sauti ni ya mwanamume, nzito na ya upole, kama ya baba anayebembeleza watoto walale. Siku moja tulimwuliza, "Baba Fundi, huyu Mdachi ni nani?" Akacheka sana. "Siye Mdachi, mwalimu. Huyu ni mtoto wa Nairobi."

Tulidhani anatutania, kumbe ndivyo ilivyo. Roger Whittaker alizaliwa Nairobi tarehe 22 Machi 1936, na wazazi wake walikuwa Waingereza waliohamia Kenya. Alisoma huko, akatumika jeshini huko, kisha akaenda Cape Town kujifunza uganga wa kizungu. Akauacha, akawa mwalimu. Mwaka 1959 akaenda Uingereza kusoma tena, huku akiimba na kupiga gita. Na kwa kupiga mluzi alikuwa bingwa kabisa. Mwaka 1975 wimbo wake "The Last Farewell" ulivuma katika nchi nyingi. Halafu mwaka 1979, mtu mzima aliyekwisha pita miaka 40, akatoa santuri nzima kwa Kijerumani, akaiita Mein deutsches Album, maana yake Albamu Yangu ya Kijerumani. Zikafuata nyingine nyingi, hata Wajerumani wakawa wasikilizaji wake waaminifu kuliko wote. Alifariki Ufaransa tarehe 13 Septemba 2023.

Cha ajabu ni hiki: Kijerumani hakukijua. Aliimba kwa kufuata sauti ya maneno tu.

Wala msidhani ni kazi rahisi. Maneno ya Kiswahili hukoma kwa vokali, nayo ni rehema kubwa kwa mwimbaji. Kijerumani hakina rehema hiyo. Majira ya majani kupukutika wao huyaita Herbst: konsonanti tano, na vokali moja maskini katikati yake. Mtu wa Ndosho angeimba "herebisiti", silabi tano mahali pa moja, na gita limekwisha mwacha njiani. Herufi w wao huisoma v. Z huisoma ts. Ile ü yao walau sisi Wakongo hatuiogopi, maana tuliizoea shuleni katika u ya Kifaransa. Tena mwimbaji ajue mahali pa kuvuta pumzi, asije akakata neno vipande viwili. Ajue na mstari gani una huzuni, asije akatabasamu juu ya kaburi. Hayo hayamo katika herufi. Lazima akae chini, aelezwe na mwenye lugha.

Zamani tungesema huo ni udanganyifu mtupu. Mtu anawaambia watu maneno ya mapenzi, wala hajui amesema nini! Mawazo yetu yaligeuka mwaka uliopita, kwa sababu ya matanga.

Katika barabara yetu anakaa mama mmoja aliyekimbia vita vijijini kwao. Alifiwa na mtoto wake. Akaomba korali yetu imwimbie wimbo mmoja wa lugha ya kwao, ule ambao mama yake mzazi alikuwa akiuimba mazikoni. Lugha yenyewe hatutaitaja. Wasomaji wa Goma wataelewa sababu. Tulikuwa waimbaji 18, na hakuna aliyeijua. Au pengine mmoja aliijua akanyamaza. Na hilo nalo lilituuma.

Mwenzetu mwenye besi nzuri akasimama. "Nyumba yangu ilichomwa na watu waliosema lugha hiyo. Nitaiweka kinywani namna gani?" Hakuna aliyemjibu. Sisi wenyewe tulikuwa na neno kama hilo moyoni, tena la siku nyingi. Tofauti ni kwamba yeye alilisema.

Usiku ule mama alitutamkia maneno polepole, silabi kwa silabi, nasi tukaandika daftarini jinsi masikio yalivyosikia. Mwalimu wa korali akachora mishale midogo juu ya silabi, ya kupanda na ya kushuka, maana katika lugha za huku sauti ikipanda mahali pasipo pake neno hugeuka jingine. Ndipo tulipomkumbuka Whittaker. Tulimfuata mwenye besi nje, tukamweleza habari zake: mtoto wa Waingereza, alikuwa na miaka 3 tu vita vya Wajerumani na Waingereza vilipoanza mwaka 1939, naye alikuja kuwaimbia Wajerumani kwa lugha yao. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Yeye alilipwa."

Ni kweli, alilipwa, tena vizuri. Hatukuwa na jibu.

Asubuhi tulingoja sana makaburini. Ardhi yetu ni mawe meusi ya Nyiragongo, na kuchimba kaburi, hata la mtoto, ni kazi ya nyundo. Yule mwenzetu alikuja amechelewa, akasimama nyuma, mikono mfukoni. Tukaimba ubeti wa kwanza bila besi. Katika wa pili tulikosea: silabi moja tuliipandisha isivyotakiwa. Mama akageuka, macho yamevimba, akalitamka neno lile kama lipasavyo, akangoja. Tukalirudia. Akatikisa kichwa, bado. Tukalirudia tena, na safari hii aliyelipata wa kwanza, kwa sauti ya chini kabisa, alikuwa yule wa nyuma.

Daftari lilibaki kwake. Hajalirudisha, nasi hatujamwuliza.