Meli Inaondoka Saa Ngapi?

Kazi yangu ni kupokea wageni wa meli pale Kilindini. Meli ya watalii ikitia gati alfajiri, hutukuta tumeshapanga mabasi, kila basi na namba yake kwenye kioo, na wageni hushuka ngazi wamebandikwa namba hizohizo kifuani. Wenye nguvu na fedha hupelekwa Tsavo Mashariki, wakarudi jioni na vumbi jekundu masikioni. Waliobaki huwa wangu: matao ya pembe za ndovu ya Moi Avenue, Fort Jesus, Mji wa Kale, Bombolulu, duka la vinyago, melini. Msimu wenyewe ni wa miezi michache, na kuna miaka haukuwapo kabisa. Maharamia wa Kisomali walipochachamaa, hata MSC Melody na abiria wake ikashambuliwa karibu na Shelisheli mwezi Aprili 2009, kampuni nyingi zilizikwepa bahari zetu, na baadhi ya wenzangu wakaishia kuendesha tuktuk.

Kwa hiyo watu wa meli niliwajua, au niseme nilikuwa na maneno ya kuwaeleza. Watu wa haraka. Watu wa kutazama saa. Huuliza choo kabla ya historia, na mwisho wa siku hukushukuru kwa maneno matamu, mkono mtupu. Ndivyo tulivyokuwa tukisema tukinywa chai nje ya geti, na hakuna aliyebisha.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anafanya kazi Dubai. Mwaka mmoja akanilipia safari ya meli ya Ghuba. "Mjomba, umewapokea miaka yote. Nenda nawe ukapokewe," aliniambia. Viza ilinitoa jasho, kwa sababu meli ikitoka Dubai na kurudi huwa umeingia Falme za Kiarabu zaidi ya mara moja, na viza ya kuingia mara moja haikufai kitu. Lakini mwezi wa Januari nikajikuta bandarini Mina Rashid nimebeba begi, na tabasamu la mtu asiyejua mikono aiweke wapi.

Kabini yangu haikuwa na dirisha. Hilo halikunisumbua, nilienda kulala tu. Kilichonishughulisha kilikuwa dawati la ziara, lililokuwa karibu na lifti na watu wamepanga foleni kama benki. Nilichukua karatasi ya bei, nikaisoma mara mbili. Kwa nusu siku ya kuzungushwa mji kwa basi, mgeni alitozwa kiasi ambacho mimi Mombasa sikipati kwa siku nzima na basi zima. Nikapiga hesabu. Kuna dawati, kuna wakala wa bandarini, kuna kampuni ya nchi kavu, kuna basi na dereva, halafu mwisho kabisa, mkiani, yuko mwenye kipaza sauti. Mgeni haoni mlolongo huo. Anajua amelipa, tena amelipa sana, na akishuka basini anaamini kabisa kwamba yule aliyemwongoza ameshapata haki yake. Miaka yote ile ya kuwaita mabahili, kumbe tulikuwa tukigombana na mtu aliyekwisha kutoa.

Jambo la pili nililijua kwa tumbo. Kila bandari ina saa ya mwisho ya kurudi melini, na saa hiyo hutangulia kung'oa nanga. Uliyekwenda na basi la meli, basi likichelewa, meli itakungoja. Uliyejiendea mwenyewe hungojwi. Utaitazama ikiondoka na begi lako, kisha ujitafutie ndege ya kuifuata bandari inayofuata. Ongeza na hili: Doha iko nyuma ya Dubai kwa saa moja, na simu ikishika mtandao wa nchi kavu hujibadilisha yenyewe bila kukuuliza. Niliona mtu mzima, mwenye mvi kunishinda, akiwauliza watu watatu kwenye lifti ni saa ngapi, na kila aliyemjibu hakumwamini. Nami mwenyewe tuliposhuka Khasab, Oman, nilikuwa nikitazama mkono kila baada ya dakika chache.

Khasab nilikwenda na ziara ya meli. Walitupandisha jahazi lililotandikwa mazulia na mito, tukapita kati ya majabali makavu yanayozama wima baharini, tukaona pomboo, tukaoneshwa kisiwa kidogo ambapo Waingereza waliweka kituo cha simu ya waya katika miaka ya 1860. Pazuri mno. Lakini kijana aliyetuongoza alisema kila kitu mara moja, kwa sauti ileile, akimaliza jambo hili ameshaanza lile, na mimi nikajisikia nimekaa mbele ya kioo. Pembe za Moi Avenue nazitaja kwa sauti ileile. Sir Bani Yas, kisiwa alichokigeuza Sheikh Zayed kuwa hifadhi, wenzangu wa mezani walilipia gari wakatazame twiga. Mimi mtu wa Kenya nilibaki ufukweni nikioga bahari, na sijutii.

Muscat ndiko nilikopata mtu wa kuniongoza. Jirani yangu wa Mji wa Kale ana ndugu zake huko, akaniunganisha na kijana mwenye gari na kibali cha kazi hiyo. Bandari ya Sultan Qaboos huruhusiwi kuikata kwa miguu, basi dogo linakupeleka hadi getini. Alikuwa amesimama nje ya geti, kanzu nyeupe na kofia ya kudariziwa. "Sabalkheri, ami," akasema, kwa Kiswahili cha Unguja kisicho na doa. Mama yake alizaliwa Mkunazini, familia ikahamia Oman baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwaita waliotawanyika warudi.

Hakunieleza historia yoyote. Aliuliza, "Ami, mwatakiwa melini saa ngapi?" Nikamwambia saa kumi na moja jioni. "Basi saa kumi na nusu nitakurudisha hapa hapa, na hilo niachie mimi. Usitazame saa tena."

Nilishusha pumzi ambayo sikujua nilikuwa nimeishikilia tangu Dubai.

Kisha nikaanza kumtazama anavyoutumia mji. Mabasi yote ya meli yalikuwa yamekimbilia Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, kwa sababu wasio Waislamu hutakiwa kumaliza kuutembelea saa tano asubuhi. Yeye akanipeleka soko la samaki la Mutrah, hatua chache kutoka getini, wakati nguru na jodari wangali wanateremshwa mezani na wauzaji wana maneno. Kutoka hapo sokoni Mutrah, kwa kuwa mchana maduka hufungwa hadi alasiri, na anayekuja saa nane hukuta milango. Tulikaa kwa muuza halua aliyetumiminia kahawa ya iliki mara tatu, tukanunua ubani wa Dhofar, hatukukimbilia popote. Adhuhuri tulikuwa pale Msikiti Mkuu, wageni wameshaondoka, tukaswali. Kwamba zulia lake lilifumwa Iran na lina zaidi ya mita za mraba 4,000 nimelisoma kwenye karatasi ya dawati la ziara. Yeye hakulitaja.

Alasiri akanipeleka Muscat ya zamani, penye ngome mbili zilizokumbatia kasri la Al Alam, Jalali na Mirani. Wareno walizijenga miaka ya 1580, kabla kidogo ya kuanza Fort Jesus mwaka 1593. Hapo ndipo aliposema kwa urefu, na alisema habari moja tu: jinsi Waomani walivyowatoa Wareno Muscat mwaka 1650, wakawafuata hadi Mombasa, wakaizingira Fort Jesus tangu 1696 hadi ilipoanguka Desemba 1698. Kwangu mzingiro huo ulikuwa habari ya watu waliofungiwa ndani, njaa na maradhi na meli za kutoka Goa zinazochelewa. Kwake ulikuwa habari ya waliokuwa nje, mbali na kwao, wakingoja pepo za kusi za kuwarudisha. Miaka yote nimesimama juu ya ukuta ule na kipaza sauti, sijawahi kuwaza kwamba wale wa nje nao walikuwa wakihesabu siku.

Saa kumi na nusu kamili tulikuwa getini. Nikamlipa, akahesabu mbele yangu bila haya, tukacheka.

Niliporudi Mombasa nilianza na mambo madogo. Mgeni akiingia basini, kabla ya karibu Kenya, namtajia saa tutakayorudi Kilindini, na namwambia saa hiyo ni yangu kuilinda. Mabega yao hushuka, naona kwa macho. Pembe tunazipita basi likiendelea kwenda. Anayetaka picha apige dirishani. Dakika zilizookolewa nazipeleka Mji wa Kale, kwa mzee wa kahawa chungu na kashata, tukae kwenye baraza mpaka mtu aanze kuuliza mwenyewe. Fort Jesus nasimulia walio ndani na walio nje. Kuhusu fedha, nimeacha kuzungukazunguka: nikiulizwa namna tunavyolipwa, naeleza mlolongo wote mpaka mkiani.

Duka la vinyago sijaliacha, nina watoto shuleni. Ila limebaki moja, na la mwisho, na asiyetaka akae basini na feni.

Kampuni haikufurahi mwanzoni, maana karatasi waliyomuuzia mgeni ilikuwa na vituo vinane. Tumebishana, tumefika vitano, na msimu huu karatasi mpya imeandikwa "kahawa Mji wa Kale, dakika 40". Dereva wangu ndiye hajakubali bado. Anasema dakika arobaini za kuegesha basi kubwa karibu na Fort Jesus askari wa kaunti akikuzunguka, hizo hakuna Mwomani aliyewahi kuzilinda.