Kabla ya Kulilaumu Sikio la Mwanafunzi

Walimu wa muziki tuna desturi ya kusema kwamba fulani ana sikio na fulani hana. Sisi pia tuliitoa kauli hiyo, tena mbele ya watu, na makala haya yameandikwa kwa sababu tulikosea. Kosa lenyewe lilianzia katika spika ndogo ya bei rahisi.

Tunaishi Buhongwa, kando ya barabara kuu itokayo Mwanza mjini kwenda Shinyanga. Kijana mmoja wa jirani, aliyekuwa amekabidhiwa gitaa la besi la kwaya ya kanisani kwao, alikuwa akija kwetu kila jioni kujifunza. Amplifaya ya kwaya haikuruhusiwa kutoka kanisani; kwa hiyo tuliliunganisha gitaa na spika ya kuchaji iliyotoshea kiganjani. Kwenye nyuzi nyembamba kijana alikwenda vizuri. Kwenye uzi mnene alipotea: alikosea nafasi moja mbele au nyuma, wala hakushtuka. Tulimpa nyimbo za Msondo Ngoma, bendi iliyoanzishwa mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz, afuatishe besi yake kwa simu. Akarudi akisema hakuisikia. Ndipo tulipomwambia, wenzake wawili wakiwapo, kwamba hana sikio la muziki. Akaitika, "Sawa, mwalimu," akalifunga gitaa katika kitenge, akaenda zake. Hakurudi kesho yake, wala wiki iliyofuata.

Jioni moja, kwa udadisi tu, tulimwomba binti yetu apige uzi ule kupitia spika ileile, nasi tukampa mgongo ili tutaje noti. Alipiga noti sita, tulikosa nne. Kumbe siku zote tulikuwa tukizisikia noti hizo kwa macho: tuliona kidole kilipokaa, na mazoea yakajaza sauti iliyokosekana. Kijana hakuwa na mazoea hayo. Alitegemea masikio yake peke yake, na masikio hayo tuliyanyima chakula.

Sababu yake si ngumu kueleza. Uzi mnene wa gitaa la besi hutetemeka takriban mara 41 kwa sekunde. Unaofuata mara 55, wa tatu mara 73, na mwembamba kuliko wote mara 98. Uzi mnene wa gitaa la kawaida hutetemeka mara 82. Sauti nzito hutaka hewa nyingi isukumwe, na spika ya kiganjani haina koni ya kuisukuma. Aliyewahi kusimama mbele ya ngoma kubwa za Wasukuma katika makumbusho ya Bujora hahitaji kufundishwa jambo hili. Hakuna aliyepata kutoa mngurumo wa ngoma kubwa katika kikopo.

Tangu siku ile tumepima spika nyingi, za kwetu na za kuazima. Kwa mwalimu au mzazi mwenye fedha kidogo tunapendekeza yafuatayo.

Kwanza, tazama koni na sanduku kabla ya kutazama wati. Kwa chumba cha nyumbani koni ya inchi 8 au 10 inafaa. Spika isiyo na sanduku haifai, kwa kuwa hewa inayosukumwa mbele hukutana na ile inayovutwa nyuma, na sauti nzito zikafutana. Sanduku la zamani lililotengenezwa vizuri na fundi redio linaweza kuzidi jipya lenye taa za kupendeza.

Pili, wati 15 hadi 30 zinatosha nyumbani. Kuongeza wati mara mbili hakufanyi sauti isikike mara mbili. Sikio hupata ongezeko dogo tu, lakini mfuko huona tofauti kubwa.

Tatu, soma idadi ya omu. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba huwa omu 4. Amplifaya isiyoruhusu kushuka hadi hapo inaweza kuungua.

Nne, sabufa, ambayo imo katika nyumba nyingi, itumike kwa tahadhari. Nyingi hungurumisha noti mbili tatu na kuzimeza nyingine. Piga uzi mnene hatua kwa hatua. Ikiwa noti moja inatikisa dirisha na inayofuata inanong'ona, chombo hicho kitampotosha mwanafunzi. Tena anza kwa sauti ya chini, maana pigo la ghafla la uzi linaweza kuipasua koni iliyozoea nyimbo zilizorekodiwa.

Tano, tumia waya. Spika zinazopokea sauti kwa bluetooth huichelewesha kidogo. Kwa msikilizaji si neno, ila kwa mpigaji kidole na sauti huachana.

Sita, fedha ikikosekana kabisa, amplifaya ndogo ya kuchomeka gitaani pamoja na spika nzuri za masikioni hutoa sauti nzito kuliko masanduku mengi ya bei hiyo, na jirani hulala.

Jumapili alasiri tulikwenda kwa akina kijana yule. Mama yake alitukaribisha kwa heshima iliyotuongezea haya. Tulimwomba kijana radhi mbele ya wale wenzake wawili, kwa kuwa mbele yao ndipo tulipomvunjia heshima. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama gitaa alilete siku ileile.

Tulikuwa tumekwisha kununua sanduku kuukuu la inchi 10. Tukarudia zoezi la kupeana mgongo: alitaja noti tano kati ya sita. Zamu yetu ilipofika, nasi tulitaja tano.

Tunawasihi walimu wenzetu walijaribu zoezi hili kabla ya kuandika neno lolote kuhusu kipaji cha mtoto. Halina gharama. Mwalimu na akae mahali pa mwanafunzi, ageuze mgongo, asikilize kwa chombo kilekile. Ndipo aamue kama kilichopungua ni sikio.